Mstari Alioandika Ezbon

Ezbon Lagu alikuwa mtu wa kukera, na mimi nilimpenda kama ndugu, kwa hiyo nina haki ya kusema yote mawili. Ukimtuma kalamu analeta mbili, moja ikigoma je? Tulifanya kazi chumba kimoja huko Hai Jalaba, mtaa wa Juba, juu ya duka la mabati, tukiandika programu za kompyuta, na kwa miaka minne sikumwona hata jioni moja akishuka ngazi bila kurudi kulitikisa kufuli. Mkewe Santina alikuwa akimcheka mbele yetu. "Huyu hata akifa ataomba majeneza mawili," alisema, na Ezbon anatabasamu tu, maana kwa Santina alikuwa hana ujanja.

Tabia hiyo aliitoa ukimbizini. Wengi wetu tuliorudi Juba baada ya amani ya mwaka 2005 tulikulia Uganda, lakini yeye alikulia kambini kabisa, upande wa Adjumani, ambako chakula cha mwezi kilitegemea lori, na lori lilitegemea barabara, na barabara ilitegemea nani ana bunduki wiki hiyo. Alijifunza mapema kwamba kitu kinachotoka mbali si chako mpaka ukishike.

Niseme kidogo kuhusu kazi yetu, maana bila hiyo hutaelewa kilichomvunja. Programu haiandikwi yote tangu mwanzo. Sehemu kubwa ni vipande vilivyokwisha kuandikwa na watu wengine na kuhifadhiwa kwenye maghala ya mtandaoni, na kuna chombo cha kujengea ambacho huvikusanya na kuviunga na kile ulichoandika wewe. Ukiwa Kampala huoni hata kinachotendeka. Unabonyeza, unapiga miayo, vimefika. Sisi Juba wakati ule mtandao wetu ulitoka kwenye sahani ya satelaiti juu ya paa, ghali na mwembamba, na mawingu yakitanda ndiyo basi tena. Kipande kimoja kiliweza kula asubuhi nzima kisha kikakatikia njiani.

Basi Ezbon akajenga ghala letu wenyewe. Alichukua mashine kuukuu, akaiweka kwenye kona yenye feni, akaijaza nakala za vipande vyote tulivyovitumia. Ghala la namna hiyo wenye kazi huliita kioo, kwa kuwa linaonyesha kilekile kilichoko kwenye ghala kubwa la mbali. Kila baada ya wiki chache mmoja wetu alipanda basi hadi Kampala na diski ndani ya soksi, akakaa siku mbili kwenye ofisi ya rafiki, akashusha vipande vipya, akarudi. Malori ya barabara ya Nesitu, inayotoka Uganda, yalileta nyanya na saruji, na sisi tulileta diski.

Kisha akaandika faili la mipangilio. Ni faili dogo tu linalokielekeza chombo mahali pa kwenda kuchukua vipande, na ndani yake aliweka mstari mmoja wenye amri: chochote utakachohitaji, kiwe kinatoka ghala gani duniani, usiende huko, kaulize mashine ya Hai Jalaba. Kisipokuwepo hapo, hesabu kwamba hakipo. Mstari huo ulituokoa. Chombo kiliacha kuhangaika na satelaiti, kazi ya siku tatu ikawa ya saa moja, na Ezbon akaringa wiki nzima. Kila aliyejiunga nasi alipewa nakala ya faili hilo siku ya kwanza, pamoja na onyo: faili la Ezbon halichokonolewi. Hata mimi, ambaye kwa kawaida sikatazwi kitu, sikuligusa.

Kazi yetu kubwa ilikuwa programu ya kuwaandikisha watu waliopotezana na jamaa zao tangu vita vilipozuka Desemba 2013. Mtu anakuja kwenye hema, karani anaandika jina lake na la anayemtafuta. Shirika lililotuajiri lilikuwa na sharti moja gumu, nami naliunga mkono hadi leo: majina yasitoke nje ya programu. Yasiandikwe kwenye karatasi, yasitumwe kwa barua pepe, na karani asiulize zaidi ya anachoambiwa. Katika vita vile, orodha ya majina ikianguka mikononi mwa mtu mbaya ni orodha ya makaburi.

Upande wa Uganda tulimweka Laku, mwalimu wa hesabu wa zamani, mtu mpole kupita kiasi. Alikaa Adjumani mjini na kusimamia mashine tano zilizokuwa kambini, kila moja kwenye hema lake. Tatizo ni kwamba kila mashine ilishika orodha yake peke yake. Mama angeweza kuandikishwa hema hili na mwanawe hema lile, na wasijuane. Tulikuwa tunaandika toleo jipya la kuzikutanisha orodha hizo. Mwezi wa sita 2016 Laku alikuwa na maandishi yote ya toleo hilo kwenye kompyuta yake, na kilichobaki ni kuleta vipande vipya vitatu kutoka Kampala, kuunga, na kusambaza.

Tarehe nane Julai Santina alikwenda bandarini, ukingoni mwa Mto Nile. Alikuwa akiuza samaki wakavu, na tishari la mizigo lilikuwa limeingia kutoka Bor. Jioni risasi zikaanza, akalala kwa shangazi yake karibu na hapo. Jumamosi walizungumza kwa simu. Jumapili vita vikalipuka upya, na Ezbon akatoka kumfuata. Njiani watu wenye silaha walimlaza kifudifudi, wakachukua simu, wakamwachia roho. Alipofika kwa shangazi siku ya Jumanne, nyumba ilikuwa tupu na mlango umelala chini. Mpagazi mmoja wa bandarini, Tombe, akamwambia aliwaona wanawake wa nyumba ile wakipanda tishari kuelekea kaskazini.

Tombe hakusema uongo. Shangazi alipanda kweli. Santina aliogopa maji tangu utotoni, akashika barabara kwa miguu pamoja na kundi la watu, wakapita Nesitu, wakavuka mpaka wa Nimule kuingia Uganda. Hayo tuliyajua baadaye. Ezbon alijua tishari tu, na kwa miezi akawa mtu wa bandarini. Kila chombo kilichotia nanga alisimama akiuliza, "Mmemwona mwanamke, mrefu, ana kovu hapa?" Ofisi yetu ilikuwa imeporwa, walibeba mashine ya kwenye kona na feni yake pia. Simu ya Santina ilikuwa haipatikani tena, nambari ya Ezbon ilikuwa imekwenda na simu yake, na Santina hakuwa na nambari nyingine kichwani.

Alimpigia Laku kwa simu yangu, mwezi wa nane. Alimwomba aandike kwenye mojawapo ya zile mashine tano: Ezbon Lagu anamtafuta mke, Santina Konga. Halafu akaongeza, nami nilikuwa nimekaa pembeni yake, "Lakini usijisumbue kuzunguka kambini. Yeye alienda kaskazini." Laku akauliza habari za vile vipande vitatu. Ezbon akamjibu kama alivyomjibu kila mtu miaka yote: "Ngoja diski."

Diski haikwenda. Barabara ya Nimule ikawa ya kuviziwa, mabasi yakachomwa, na nauli ya ndege hatukuwa nayo. Laku akapiga mwezi wa tisa, tukamwambia angoje. Mwezi wa kumi na moja tukamwambia angoje. Mara nyingine aliyemjibu nilikuwa mimi mwenyewe, tena kwa ukali.

Machi 2017 nilipata nafasi kwenye msafara uliosindikizwa na askari, nikielekea Kampala kuijaza diski. Nikapumzika Adjumani kwa Laku. Nilimkuta mezani anatazama kwaya ya kanisa kwenye kompyuta yake, picha safi, waimbaji wanayumba, wala haikwami. Nikasimama nyuma yake hadi wimbo ukaisha.

"Laku, hii mtandao ni ya nani?"

"Ya ofisi, dada Poni. Waliweka waya mwezi wa tisa. Iko mbio sana."

"Na vile vipande vitatu iko wapi?"

"Mafi. Hakuna. Mimi iko nangoja diski."

"Unangoja diski ya nini na waya iko mbele yako?"

Akanigeuzia uso, ameshangaa kweli. "Lakini najaribu kila asubuhi. Nabonyeza, inaenda kutafuta Juba, inarudi inaniambia hakuna. Hiyo ni faili ya Ezbon. Ile sisi hapana gusa."

Nilitaka kumzaba kofi, halafu nikakumbuka kwamba faili hilohilo lilikuwa kwenye kompyuta yangu, na kwamba mimi pia kwa miezi minane sikuwahi kufikiri. Tulizoea mno kwamba vipande vinatoka Juba na Juba inavitoa kwenye soksi, hata wazo la kumtuma Laku mwenyewe Kampala halikutujia. Nikavuta kiti, nikafungua faili, nikaufuta mstari. Nikabonyeza. Chombo hakikuuliza Hai Jalaba, kilikwenda moja kwa moja kwenye ghala kubwa, na baada ya dakika kumi na mbili kila kitu kilikuwa kimeungwa. Laku alishika kichwa kwa mikono miwili.

Saa tisa alasiri mashine zote tano zilikuwa na toleo jipya, na orodha zikaanza kukutana. Zilitokea jozi mia mbili na kumi na mbili. Laku alikuwa anasoma nambari kwa sauti, anacheka, macho yana machozi, halafu akanisukumia kompyuta. Nikasoma mwenyewe. Santina Konga, anamtafuta mume, Ezbon Lagu wa Hai Jalaba. Tarehe ya kuandikishwa: ishirini na tisa Julai.

Tulipanda bodaboda moja watu wawili, hata kufunga mlango wa ofisi hatukufunga. Njiani nilikuwa napanga jinsi nitakavyomfanyia Ezbon utani. Ningempigia simu na kumwambia nimepata kifurushi chake, aje akisaini.

Kwenye kibanda chake tulimkuta jirani, mama mtu mzima aitwaye Teresina, anapeta mtama. Alitutazama mikono, kama watu wanavyotazama wageni waliokuja kwa haraka, kisha akaweka ungo chini. Santina alikuwa amekufa siku kumi na moja kabla. Homa, alisema. Siku nne tu.

Siku kumi na moja. Ningeweza kulisema neno hili hadi mate yaniishe. Laku alikaa kwenye vumbi akilia kwa sauti kama mtoto, akirudia kwamba yeye ndiye amemuua. Nilimwambia anyamaze. Si kwa sababu nilikuwa na nguvu kuliko yeye, ila nilitaka nafasi ya kulia na mimi.

Ezbon alifika baada ya siku tatu. Kwenye simu nilikuwa nimemwambia habari ya kifo tu. Alishuka kwenye lori la msafara amevaa shati la kanisani, amenyoa, na nikaona kwamba alikuwa amejiandaa kukutana na mkewe kwa namna yoyote ile iliyobaki. Aliuliza aliandikishwa lini. Nikamwambia. Akauliza kwa nini jina halikutokea mapema.

"Diski ilichelewa," nikasema.

"Diski gani, Poni? Wewe Kampala hujafika bado."

Huwezi kumdanganya mtu aliyekufundisha kazi. Aliomba kompyuta ya Laku, akafungua faili, akatazama pale mstari ulipokuwa na sasa haupo. Akatazama waya ukutani. Aliushika, akaufuata kwa vidole hadi kwenye tundu la dirisha ulikotokea. Laku alianza kupiga magoti na Ezbon akamwinua kwa nguvu, akasema, "Malesh, usijali, Laku. Mimi ndiye niliandika. Mimi ndiye nilisema usizunguke." Hakulia. Ningependelea alie.

Tulimpeleka kaburini, na mama Teresina akaja nasi amebeba maji. Yeye hakujua lolote kuhusu mafaili. Aliona tu mwanamume aliyefiwa, amesimama amekauka, na kama mama yeyote alitafuta neno la kumpoza.

"Yeye hakuteseka na mawazo sana, mwanangu," alisema. "Kila Ijumaa alikuwa anaenda kule hema kuuliza jina. Karani anamwambia, mashine bado, iko inangoja kitu kutoka Juba. Wengine wanarudi wanalia. Yeye anarudi anacheka. Ananiambia, mama Teresina, kama shida ni ya Juba basi shida imekwisha, huko mimi iko na bwana, na mambo ya mashine hakuna mtu anaweza kumshinda. Alikuwa anakutumaini mpaka mwisho."

Ezbon alimshika mikono yote miwili, akamshukuru vizuri, kwa adabu. Kisha akauliza hema liko upande gani. Mama Teresina akamwonyesha njia nyembamba iliyopita kati ya vibanda, na Ezbon akaifuata peke yake, njia ile aliyopita mkewe kila Ijumaa.