Hewa Isiyopungukiwa

Mume wangu alikufa kwa homa wakati wa Wajerumani, kwetu Ugogo, magharibi ya Dodoma. Kijijini kwetu mjane hakuwasha moto mpaka anyolewe nywele. Mama mkwe alinipikia, lakini maji ya kuoga niliyafuata kwenye chemchemi ya moto, ambako mapovu hutoka ardhini bila kukoma. Siku ya kunyolewa, shemeji yangu, mdogo wa marehemu, angenirithi. Niliiogopa siku hiyo.

Asubuhi moja nilimkuta chemchemini Mjerumani mtafuta madini na mkalimani wake. Walikuwa wamekinga mapovu kwenye chupa. Mjerumani aliingiza kijiti chenye moto, kikazimika. Kisha akaipitisha hewa ile katika bomba lenye madini meupe yaliyopashwa moto mkali. Nyingi ilinaswa humo, ikabaki kidogo. Akairudisha tena na tena. Ile kidogo haikupungua.

"Hii imekataa wachumba wote," mkalimani aliniambia akicheka.

"Kwa nini?"

Akamuuliza bwana wake. "Anasema hakuna ajuaye, mama."

Sababu nilikuja kuipata uzeeni, kwa mjukuu wangu anayesoma sekondari. Kila kitu, alisema, kimejengwa kwa atomu, na kila atomu imezungukwa na chembe ndogo, elektroni, zilizopangwa tabaka kwa tabaka. Tabaka la nje lisipojaa, atomu huchukua chembe kwa jirani, humpa zake, au hushirikiana naye. Ndivyo vitu vinavyoungana. Ile hewa iliyobaki, alisema, ilikuwa heliamu, na gesi za jamii yake zina tabaka la nje lililojaa, nyingi kwa chembe nane, heliamu kwa mbili tu. Hazina cha kuomba wala cha kugawa.

Siku ya kunyolewa, habari za chemchemi zilikuwa zimeshamfikia shemeji. Alisema mbele ya wanawake, mama mkwe akiwa ananinyoa, "Haya shemeji, au nawe umekuwa hewa ya Mjerumani, hutaki mtu?"

Walicheka. Kujibu ndiyo kungeniokoa, lakini ungekuwa uongo.

"Hapana, shemeji. Nikilala napapasa mkeka namtafuta kaka yako. Napungukiwa sana. Ila niliyepungukiwa naye si wewe."

Kicheko kilikatika. Shemeji akasema taratibu, "Hata mimi namtafuta." Akaondoka, na jambo la kurithiwa hakulitaja tena.

Mama mkwe alimalizia kuninyoa. Halafu akaniletea kaa la moto katika kigae, nikawasha jiko langu mwenyewe.