Kisahani cha Pili

Kwetu pacha akifa halilwi. Watu husema amekwenda kutafuta chumvi, kana kwamba ameshuka upande wa Mulongo na siku moja atarudi na mzigo kichwani. Wanawake hupakana pemba, ule udongo mweupe, huimba nyimbo za matusi na kucheka hadi jasho liwatoke. Sababu yake nilielezwa nikiwa bado mdogo, bila kuzungushwa: ukimlilia pacha aliyekwenda, yule aliyebaki atasikia kilio na kumfuata.

Mimi ndiye niliyebaki. Mwenzangu alikwenda kutafuta chumvi kabla hatujajua kusimama, na sikumbuki uso wake. Nilijua mahali pake tu. Kila mama alipopakua bukari, yaani ugali, alimega kidonge kimoja akakiweka kwenye kisahani cha bati chenye maua yaliyofutika, pembeni ya sahani yangu. Sikuruhusiwa kukigusa. Tulipomaliza kula, wasichana wa jirani waliitwa wakakila, na mama akawashukuru kwa niaba ya mtoto wake. Alikuwa Mkatoliki aliyebatizwa na hakukosa misa, lakini kisahani hakukiacha, na hata padri aliyewahi kukiona alijifanya hakukiona.

Dansi nilifundishwa na shangazi yangu, dada ya baba. Ilikuwa dansi ya mapasa, maana ndivyo tunavyowaita mapacha, na huchezwa na wawili, bega kwa bega. Kwa kuwa mimi nilikuwa mmoja, shangazi alinishika kiuno akanisukuma kulia.

"Achia mwenzako nafasi," alisema. "Unamukanyanga!"

"Lakini haiko mutu, tate," nilimjibu shangazi.

"Iko. Cheza."

Basi nikajifunza kucheza nusu ya uwanja. Mkono wangu wa kushoto uliinuka nusu tu, kama anayemshika mtu. Pacha walipozaliwa kijiji chochote karibu na Kamina, nilifuatwa kwa baiskeli, nikapakwa pemba, nikacheza, na mama akapewa mkeka wa mbele kwa sababu alikuwa Mama Mapasa. Hakuna aliyemwita jina lingine. Nadhani alilipenda jina hilo kuliko alivyotupenda sisi wawili, kisha najionea aibu kwa kufikiri hivyo, kisha nafikiri tena.

Baba alipopata kazi kwenye reli tulihamia kambi ya wafanyakazi mjini, ingawa yeye muda mwingi alikuwa Luena. Nikaingia shule ya masista. Sista mkuu aliniona nikicheza nyuma ya jiko akasema mwili wa msichana Mkristo hautikiswi namna ile. Nikaacha. Badala yake tukafanya mazoezi ya viungo kwa filimbi, na sikukuu ya Noeli nikapewa kuwa malaika asiyesema neno. Sista alinisogeza mara nyingi karibu na malaika mwenzangu, na kila mara nilijikuta nimehama tena, nimeacha pengo kushoto. Mwishowe alichoka, akaweka mshumaa kwenye pengo.

Padri wa sinema alinikuta hapo. Alizunguka misheni na kambi akiwa na kamyo, lile lori lake, mashine ya kupigia picha, na karani mmoja wa kumsaidia. Alitengeneza sinema fupi za kuwafundisha watu usafi, na sauti haikuwamo: karani ndiye aliyeshika kipaza sauti siku ya kuonyesha, akaeleza kwa Kiswahili nani anafanya nini. Kwenye sinema yangu ya kwanza nilikuwa mikono tu. Mikono yangu ilimwogesha mtoto wa mtu kwenye beseni. Kwenye ya pili nilikuwa mgongo: niliondoka kisimani na ndoo.

Walipoonyesha ile ya ndoo, shuka ilitundikwa kati ya nguzo mbili kwenye uwanja wa mpira. Mama alisimama mbele za watu.

"Mugongo ya mutoto wangu!" alipiga kelele. "Muone vile anatembea! Miye njo nilibeba ule mugongo!"

"Ikala, Mama Mapasa," watu walicheka, "tunaona kichwa yako tu!"

Hakukaa. Nimewahi kujaribu kutafuta siku nyingine ambayo nilikuwa na furaha namna ile na sikuipata, kwa hiyo nimeacha kutafuta.

Nilipomaliza masomo na kupata diploma ya kufundisha, nilipewa darasa la wasichana wadogo. Lakini padri alikuja kuniomba tena, safari hii kwa uso. Mwanamke wa hadithi ana homa, anakataa dispanseri, anakunywa dawa za mizizi, anakufa. Nilifikiri wiki nzima. Nilifikiri kama ni dhambi, kama ni kiburi, kama watoto wa darasani wataniheshimu. Nilifikiri kila kitu isipokuwa kile kilichotokea. Mama mwenyewe ndiye aliyesema niende. "Bataona uso sasa," alisema, akanisuka nywele.

Tulipiga picha kijijini kwetu, mbele ya nyumba ya shangazi. Kufa kulikuwa rahisi. Nililala kwenye mkeka, nikafumba macho, inzi akatembea kwenye mdomo wangu na sikumfukuza. Kisha padri akawaambia wanawake walioitwa waje kulia.

Wakatazamana. Shangazi ndiye aliyejibu.

"Mon père, uyu hapana. Uyu iko mapasa."

"Lakini ni mchezo tu, mama."

"Hata kama ni muchezo. Masikio yake haijue muchezo."

Padri alieleza sana. Akamwomba karani aeleze. Mmoja wa wanawake, mwenye masihara, akaanza kuimba wimbo wa mapasa, ule unaotaja viungo vya mkwe, wote wakaanguka kicheko, na karani akageuza uso kwa sababu padri alikuwa akimuuliza maana yake. Jua lilikuwa linashuka. Ndipo shangazi akapata njia. Aliingia ndani, akaviringisha mablanketi akayafunga kwa kitenge, akaleta furushi refu kama mtu.

"Mutoto aende mbali, nyuma ya muhogo, asisikie. Siye tutalilia mablanketi."

Padri alifurahi mno, hata akamshika mkono. Mama alikubali. Mimi nilikubali. Nilitembea mpaka ng'ambo ya shamba la muhogo, nikaziba masikio kama nilivyoagizwa, nikakaa. Wanawake wakayalilia mablanketi ya shangazi vizuri mno, na niliporudi niliwakuta macho mekundu, wakitaniana nani amelia kama mbuzi. Mama alikagua masikio yangu kwa vidole, akaridhika. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba sinema hukatwa na kuunganishwa. Tulidhani mashine inaona kama jicho: hiki hapa, kile pale, na kati yao shamba la muhogo.

Walipoileta kuonyesha, tulikaa mbele. Nilijiona naumwa. Nilijiona nakataa dispanseri kwa mkono, na watu wakanigunia. Nilijiona nimelala, inzi mdomoni, mkubwa kama njiwa. Kisha, bila muhogo wowote kati, wakatokea wanawake wakijipiga vifua, kisha uso wangu uliofumba macho, kisha shangazi mdomo wazi, kisha uso wangu tena. Karani akasema kwenye kipaza sauti:

"Amekufa. Muone ndugu zake banamulilia."

Mama hakusimama. Upande wetu niliwasikia wanawake wa kijijini wakivuta pumzi. Shangazi alianza kusema kwa nguvu, "Yalikuwa mablanketi! Mama Mapasa, weye ulikuwako, uliona mablanketi!" Mama alimjibu polepole, macho kwenye shuka.

"Nimeona. Na sasa naona ule munalilia."

Kesho yake, mchana, alipakua bukari. Aliweka kisahani cha maua. Kisha akatoa kingine cha bati, cheupe, ambacho sikujua tunacho, akamega kidonge akakiweka hapo. Sahani yangu kubwa haikushuka ukutani.

"Mama," nilisema, "niko hapa."

"Najua uko hapa," alisema kwa upole. "Na mwenzako pia iko hapa. Siku zote iko hapa."

Angekataa kuniona ningebishana. Angeugua ningempeleka dispanseri, kama sinema inavyofundisha. Lakini aliniona, alinisikia, alinijibu, akaniweka mahali alipozoea kuweka mtoto asiyekula. Baba alikuja kutoka Luena akapiga meza. "Aache ujinga!" alisema, akajaza sahani kubwa mwenyewe akanisogezea. Mama hakumzuia. Baba alipoondoka, sahani ikarudi ukutani. Nikawa najipikia mwenyewe jioni, na mama akawa anaosha sufuria yangu.

Mjini lilikuwa jambo la kuchekesha. Sokoni waliniita marehemu.

"Marehemu, kuya kamata nyanya! Kule kaburini haiko nyanya!"

"Leo umefufuka na njaa, eh?"

Nilicheka nao. Ilikuwa nafuu, kwa kweli, kwa sababu mtu anayekutania anatarajia ujibu. Darasani mtoto mmoja alinigusa mkono kwa kidole kimoja kisha akawaambia wenzake, "Iko moto." Na hilo pia lilinifariji, nikalifikiria siku kadhaa.

Ndipo nikapata wazo. Wazo lolote linalonijia mimi hulipitia kwa kila upande mpaka linachakaa, lakini hili kila upande lilikuwa zima. Kama mama aliamini shuka kuliko macho yake, basi shuka imrudishie mtoto. Padri alikuwa anatengeneza sinema ya sikukuu ya mavuno. Nilimwendea nikaomba nicheze dansi. Alinitazama kwa mshangao, kisha akafurahi, akasema hata yeye alikuwa amechoka na magonjwa.

Nilivaa kitenge kipya. Kwa kuwa dansi nyingine siijui mpaka mwisho, nilicheza ya mapasa. Padri alikuwa nyuma ya mashine akipunga mkono.

"Ingia katikati, binti! Uko pembeni! Katikati!"

Niliingia katikati. Hatua chache baadaye nilikuwa nimehama tena kulia. Alisimamisha, akachora msalaba kwa kiatu kwenye vumbi niusimamie. Nilianza juu ya msalaba, na mwili ukauacha. Mwishowe akasema basi, inatosha, ina uzuri wake. Nilicheza mpaka mwisho nikitabasamu kwenye kile kioo cha mashine, nikifikiri: mama, huyu hapa, anapumua, anatoka jasho.

Siku ya kuonyesha hakutaka kuja. Shangazi alimbembeleza, akambebea viatu. Tulimkalisha kati yetu. Nilipotokea kwenye shuka watu walipiga vigelegele. "Marehemu amefufuka!" wakaita. Karani akasema mavuno yameleta furaha. Nilijiona nikicheza upande wa kulia wa shuka, mkono wa kushoto umeinuka nusu, na kushoto kwangu nafasi nyeupe tupu, imewaka mwanga, yenye upana wa mtu.

Mama alinyanyuka taratibu. Alikuwa anatabasamu. Sikuwa nimeona tabasamu lile tangu ule mgongo wenye ndoo, nikamshika mkono.

"Umeona, mama?"

"Nimebaona," alisema. "Bote mbili. Banacheza pamoja." Akapangusa macho, na hakukuwa na chozi. "Nilikuwa naogopa uko peke yako kule."

Shangazi alitazama chini. Nilitaka kueleza habari za mashine na msalaba kwenye vumbi, lakini shangazi mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuacha nafasi ile, na mama ndiye aliyekaa mkeka wa mbele miaka yote akiiona imejaa. Ningesema ni tupu, ningekuwa nasema nini kwake?

Padri amenitumia habari kuwa anakwenda Malemba-Nkulu kupiga picha nyingine, safari hii yenye sauti, na kwamba kuna mwanamke kwenye hadithi hiyo, mwenye maneno na uso kutoka mwanzo hadi mwisho, na ananitaka mimi. Sijamjibu. Nafikiri nikienda mama atasema nimekwenda kutafuta chumvi. Nafikiri nisipokwenda atasema hivyo hivyo. Zote mbili nimezipima na hazizidiani.

Leo mchana nimerudi kutoka shuleni nikamkuta anapakua. Anaimba siku hizi, zile nyimbo za matusi, kwa sauti ya chini, na watu wa kambi wanasema Mama Mapasa amepona. Nilimwaga maji kwenye beseni nikanawa, kama nilivyofanya kila mchana wa utoto wangu, bila kufikiri. Aliweka visahani viwili bega kwa bega, akavisogeza vigusane. Kisha akaenda mlangoni akawaita wasichana wa jirani. Walikuja mbio, wakachuchumaa. Mmoja alikula cha maua na mwingine cheupe.

"Asante, batoto," mama aliwaambia. "Bamefurahi."

Nilikuwa nimesimama karibu na beseni, mikono ikidondosha maji.