Kipaza Sauti Kilichoondoka Bila Kuaga

Saa tatu na nusu asubuhi Vilimaina alituma tahadhari ya upepo mkali kutoka ofisini kwetu Suva. Ilipaswa kulia kwenye vipaza sauti vya kumbi za vijiji arobaini. Saa nne mashua ya wanafunzi ingeng'oa nanga kisiwani Ono.

Hesabu ya vijiji vilivyopokea, kwenye kioo cha kompyuta, ilifika kumi na moja, ikasimama. Ono kilikuwa cha thelathini kwenye orodha. Alimpigia mwalimu wa huko. Simu iliita bila kupokelewa. Bila shaka alikuwa ufukweni akiwapandisha watoto.

"Binamu, zima mtambo uwashe upya," alisema Sevanaia, mwenzetu wa meza ya pili.

"Vyote arobaini vitachukua nusu saa kurudi."

Programu ile aliiandika mwenyewe. Kila kipaza sauti kina mfereji wake wa ujumbe, na mfereji hufungwa kipaza sauti kikiaga, yaani kikituma ishara kwamba kinazimwa. Cha kumi na mbili, cha Nasoki, kilikatikiwa umeme tangu jana. Hakikuaga. Mfereji wake ulijaa, na mtambo ukawa umesimama mlangoni pake ukingoja, vijiji vyote vilivyofuata vikiwa nyuma.

Sevanaia aliangua kicheko. "Ulidhani mashine italeta kinywaji cha heshima cha yaqona, ipige magoti iombe ruhusa ya kuondoka?"

"Kwetu nani huondoka bila kuaga?"

"Wewe! Harusi ya dada yangu ulitorokea jikoni, na sahani ya mihogo mkononi."

Vilimaina aligeukia kioo. Aliufuta mfereji wa Nasoki kwa mkono. Hesabu ikakimbia hadi kumi na tisa, ikakwama tena. Kipaza sauti kingine kilichoondoka kimya. Akaufuta na mfereji wa hicho. Ishirini na tano. Thelathini. Arobaini kasoro vile viwili.

Saa nne kasoro dakika tatu mwalimu alipiga. "Tumesikia, dada. Nimewashusha. Wamenuna kweli."

Mchana Sevanaia alimshauri anyamaze, kwa kuwa hakuna aliyeumia. Vilimaina aliandika kosa lile kwenye ripoti kwa jina lake, na alifanya vema. Bahati haimsafishi mtu. Kisha akaweka kanuni mpya: asiyepokea kwa sekunde mbili anatolewa orodhani, na mtambo unaotuma ndio unaofunga mfereji, bila kungoja kuagwa.

Alhamisi umeme ulirudi Nasoki. Kipaza sauti kikajiunga, kikapewa mfereji mpya.

"Kimeomba radhi?" aliuliza Sevanaia.

"Hakikuomba. Nimekikaribisha hivyo hivyo."