Wifi Makopo na Uzio wa Mnyaa

Wifi yangu aliitwa Makopo. Jina lake la kuzaliwa lilikuwepo, ila ukimwita kwa jina hilo alikuwa anageuka nyuma kuangalia anaitwa nani. Makopo ni kwa sababu ya makopo: ya maziwa, ya rangi, ndoo zilizotoboka, beseni lililopasuka, na sufuria yangu moja ambayo mpaka leo sijamsamehe. Kila kopo lilikuwa na tundu chini, mchanga na changarawe ndani, na mmea mnene juu yake, ile mimea inayoweka maji yake mwilini kama ngamia.

Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu. Aliwahi kuolewa mwezi mmoja, akarudi, hakusema kwa nini na hakuna aliyethubutu kuuliza. Nyumba ilikuwa ya mama yao. Mama alipofariki, yeye alichukua chumba cha uani, sisi tukakaa vyumba viwili vya mbele. Mume wangu aliuza nyama, na mtaa ulimwita Bucha. Mikono yake ilikuwa mizito, na uzito wake haukuishia kwenye nyama.

Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakimsimulia wifi wanaliruka. Wanasema alikuwa na mkono wa baraka, alitibu mtaa mzima, basi. Ni kweli aliwatibu. Lakini mgonjwa wake mkubwa kwa miaka tisa nilikuwa mimi, na ugonjwa wangu ulikuwa ndugu yake.

Mara ya kwanza ilikuwa birika. Nilichelewesha chai, akanimwagia begani ikiwa inachemka. Nilitoka uani ngozi inaning'inia kama kitambaa kilichofumuka. Wifi akanitazama, akaenda kwenye shubiri zake, akakata jani la chini kabisa, lile lililokomaa. Halikuja begani moja kwa moja. Alilisimamisha kwenye kikombe kwanza, ule utomvu wa njano uchuruzike.

"Huo unawasha," akasema. "Kaa."

"Sikai."

"Basi simama. Kidonda hakijali."

Akalimenya jani, akanilazia ule utelezi mweupe begani, baridi kama maji ya mtungi. Akafanya hivyo kila asubuhi kwa majuma matatu. Kovu lipo, lakini mkono ulinyanyuka.

Mwaka uliofuata Bucha akanizaba sikioni, nikaacha kusikia upande mmoja. Wifi akachukua jani la mkonge pori, lile refu lililonyooka kama upanga, akalipasha juu ya makaa mpaka likalegea, akanikamulia matone sikioni likiwa vuguvugu. Siku ya nne nikasikia. Nikamwambia, "Ahsante wifi, umenirudishia sikio niyasikie matusi vizuri." Akacheka mpaka akajishika mbavu. Mimi nilikuwa sitanii.

Goti lilipovimba kwa teke, alichoma miiba ya mpungate motoni, akaupasua katikati, akanifunga ukiwa wa moto. Na kulikuwa na ule mmea wenye jani linaloota vitoto pembeni, kila kitoto na mizizi yake. Huo alikuwa anaponda kwa majipu. Nikajifunza yote hayo bila kutaka. Nilijifunza kwamba kipande ukikikata hukipandi siku hiyohiyo.

"Kidonda chake kikauke kwanza," alisema. "Ukikizika kibichi kinaoza."

"Siku ngapi?"

"Mpaka ukigusa usikie gamba."

Nilimheshimu, lakini sikumpenda. Siku moja nilimwambia usoni. Mimi ni fundi cherehani, nasema kwa lugha ya kazi yangu. "Wifi, ndugu yako ni mkasi, wewe ni sindano. Yeye anakata, wewe unashona, kesho yake anakata tena. Mimi ndiye kitambaa." Aliendelea kuchambua majani yaliyooza, akiyatupa moja moja.

Mimba mbili zilinitoka. Moja aliichukua Mungu, ya pili aliitoa Bucha kwa buti. Siku ile wifi alizunguka makopo yake yote, akagusa hili, akagusa lile, akarudi mikono mitupu. Akakaa chini kwenye kizingiti changu mpaka jua likageuka. Hakuwa na jani la hilo.

Sasa mnyaa. Kati ya mlango wangu wa nyuma na uwanja wake palikuwa na uzio wa mnyaa, mrefu kumpita mwanaume, vijiti vyake kijani visivyo na majani. Mama yao ndiye aliyeupanda. Ukiuvunja unatoa maziwa meupe, na maziwa hayo yakiingia jichoni ni balaa. Wifi aliyatumia kuua chunjua, tone moja kwenye ncha ya kijiti, hapo tu. Kuukata kulikuwa na utaratibu wa familia. Chini ya uzio lilikaa kopo la majivu. Kabla hujagusa kisu unachukua majivu kidogo kwa vidole, unayaachia hewani, unatazama yanaelekea wapi. Unasimama upande ambao upepo unakutoka mgongoni. Unafunga kitambaa mkononi, unageuza uso, unavuta kisu taratibu, hupigi. Ukimaliza unapaka majivu kwenye kidonda cha mti ili maziwa yakate.

Mama yao aliwafundisha wote wawili wakiwa wadogo. Bucha ndiye aliyekuwa mshika majivu. Alipokua akawa anacheka: "Dada bado anapepeta majivu. Anaogopa mti, anaogopa na upepo."

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa cherehani. Niliirithi kwa mama yangu, na mkono wangu ulijulikana: suruali niliyoishona mimi haikai upande. Bucha akasema nishone magauni tu. Eti nawashika wanaume viuno. Nikamwambia suruali haipimwi kwa macho. Akaondoka, akarudi na kisu chake cha mifupa, akakipiga juu ya meza yangu, katikati ya vidole. Sijui kama alikusudia au alikosea. Kidole kidogo kikapoteza ncha yake, kipande kama punje ya hindi, kikabaki juu ya kitambaa cha mteja.

Mimi nilikuwa nakitazama tu kile kipande. Yeye akachukua chaki yangu ya kukatia nguo, akanishika mkono wa kulia, akanichorea mstari kwenye kifundo cha mkono, kuzunguka, kama mtu anayepima upindo.

"Nikikukuta tena umepima mwanaume," akasema, "nachukua mpaka hapa."

Wifi alinifunga kidole kwa shubiri na kitambaa safi. Akaiona chaki. Akalowesha kidole aifute, nikauvuta mkono.

"Iache."

"Ya nini?"

"Nataka uione kila unapokunywa chai."

Nilikaa na mstari ule siku tano, mpaka jasho likauondoa. Wifi alikwenda kuongea na ndugu yake buchani, mbele ya wateja. Alirudi mdomo umepasuka. Safari hiyo mimi ndiye niliyekata jani la shubiri, nikalisimamisha kwenye kikombe, nikamwambia kaa. Akakaa.

Ungedhani niliacha suruali. Sikuacha. Mwalimu wa shule ya jirani aliniletea kitambaa kizuri cha kijivu, nikakipokea.

"Wifi, mrudishie," Makopo akaniambia.

"Sirudishi."

"Mkono wa kulia unao mmoja."

"Na ni wangu."

Kesho yake nikamwona anasogeza pipa lake la maji ya mvua, lile la kumwagilia, analiviringisha kwa shida mpaka karibu na uzio. Nikamuuliza kwa nini. Akasema makopo ya upande ule yana kiu. Mimea ile haina kiu hata siku moja, na mimi nilijua, lakini sikufuatilia.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Mwalimu alikuja kujaribu suruali. Nilikuwa nimepiga magoti namwekea pini kwenye upindo, pini nyingine mdomoni, futi shingoni. Bucha saa hizo huwa buchani, hakanyagi nyumbani mpaka jioni. Siku hiyo alikuwa amesahau kinoo chake cha kunolea visu.

Mwalimu alimwona kwanza. Alitoka mlango wa mbele na mguu mmoja umeshonwa, mwingine bado, pini zinamchoma, wala hakuaga. Sikumlaumu.

Bucha alinishika nywele akanipigiza kwenye cherehani mara mbili. Ya pili nikasikia pua imevunjika, kama kijiti. Akanikandamiza mkono wa kulia juu ya meza, akanyoosha mwingine kutafuta panga nyuma ya mlango. Pini bado zilikuwa mdomoni mwangu. Nikamtemea usoni, na mkasi uliokuwa mkono wa kushoto nikamzamishia pajani. Akaniachia, nikakimbia uani, damu inaniingia kooni.

Wifi alikuwa amesimama kwenye upenyo wa uzio. Nilipopita tu, akaburuta bati kuukuu akaliziba, akaliwekea jiwe. Akanisukuma nyuma yake.

Bucha akatokea upande wa pili na panga, suruali imelowa damu. Tukawa tunatazamana kupitia vijiti vya mnyaa, hatua mbili.

"Dada, mtoe."

"Simtoi."

"Makopo, nitakukata na wewe."

Wifi aliinama. Nilidhani anaokota jiwe. Alichukua majivu kwenye kopo, akayainua, akayaachia. Yalipita kati ya vijiti yakaenda upande wa Bucha, yakatua kwenye shati lake. Akanishika bega akanirudisha nyuma hatua mbili zaidi. Kisha akasema, "Usiukate uzio wa mama."

"Toka."

"Usiukate."

Hakusema mara ya tatu.

Bucha alipiga kama anavyopiga mfupa wa paja, mikono miwili, kutoka juu, uso mbele. Vijiti vilikatika kwa mkupuo, maziwa yakaruka kama kibuyu kilichopasuka. Akapiga la pili. La tatu panga likaanguka lenyewe.

Nimewahi kusikia ng'ombe akichinjwa vibaya. Sauti ilikuwa ile. Na kosa likazaa kosa, kwa sababu alijipikicha macho kwa viganja, na viganja vilikuwa vimelowa maziwa yaleyale. Alipiga magoti, akalala, akabingirika akaponda makopo ya upande ule, shubiri zikavunjika chini yake.

"Usipikiche," wifi akamwambia, sauti ya kawaida kabisa, kama anamkataza mtoto kula udongo.

Mimi nilikuwa nimeshatoa bati na kuokota panga. Nikamkanyaga mkono wa kulia, nikaubana chini. Mfukoni mwa aproni nilikuwa na chaki. Sioni aibu kuyaandika: niliinama nikamchorea mstari, palepale aliponichorea mimi, nikanyanyua panga.

Wifi hakunishika. Alikuwa na kata ya maji mkononi, anasubiri.

"Ukikata," akasema, "hicho kitakuwa kidonda kingine cha kutibu. Na mimi nimechoka. Utamtibu wewe."

Hilo ndilo lililonishusha mkono. Huruma sikuwa nayo. Niliona tu miaka tisa mingine, mimi na majani, namlazia utelezi kwenye kigutu kila asubuhi. Nikalitupa panga juu ya paa.

"Dada, maji," Bucha akalia. "Dada, naungua."

"Utalala wapi leo?"

"Dada."

"Nimekuuliza utalala wapi."

"Buchani."

"Na kesho?"

"Buchani. Dada, nakufa."

"Na mkono wa huyu?"

Akanyamaza. Wifi akaimwaga ile kata chini, kwenye mchanga, akachota nyingine.

"Wake," akasema Bucha. "Mkono ni wake."

Ndipo akamkalia kifuani, akamfungua kope kwa vidole, akaanza kumwagia. Mimi nilichota. Pua yangu ilikuwa inadondokea kwenye maji yaleyale, hatukujali. Tulimwaga pipa zima, mpaka tukawa tunakwangua chini. Kisha tukampeleka hospitali, yeye katikati, kila mmoja ameshika mkono. Waliotuona njiani walisema tazama familia inavyopendana.

Jicho la kulia lilirudi. La kushoto lilibaki jeupe kama maziwa. Alihamia chumba cha nyuma ya bucha na akaishi huko mpaka mwisho wake. Kwetu alikuwa anakuja kusimama nje, wifi anamtolea dawa ya jicho, wanaongea habari za mama yao. Hakuvuka kizingiti.

Nilimuuliza wifi mara moja tu, tukiwa tunapanda upya makopo yaliyopondwa.

"Majivu yale uliyaachia ya nini?"

"Kutazama upepo."

"Kwa hiyo ulijua."

"Na yeye alijua," akasema. "Tulifundishwa siku moja. Yeye ndiye aliyekuwa mshika majivu."

Akaendelea kushindilia changarawe.

Vile vijiti alivyovikata Bucha wifi hakuvitupa. Alivipaka majivu, akavilaza kivulini mpaka vikafanya gamba, tukavichimbia kwenye pengo. Sasa pamefunga, huwezi kujua palikatwa wapi. Wifi amelala makaburini, makopo ni yangu, na sufuria yangu imo humo bado na mmea wake. Sikuwahi kumwambia ahsante ya kweli, wala yeye hakuniomba radhi kwa ile miaka tisa.

Suruali ya mwalimu niliimaliza Jumatatu, pua imefungwa. Ilimbidi aje tena nimpime, ule mguu wa pili. Wifi alisimama mlangoni muda wote, mikono kiunoni, akamwambia, "Simama vizuri, baba. Leo hakuna anayekukimbiza."