Kinanda Kisichozimwa

Katika chumba kimoja juu ya duka la magodoro kulikuwa na kinanda cha umeme kilichowaka miezi saba mfululizo. Juu yake ilibandikwa karatasi yenye herufi kubwa: USIZIME. Aliyeibandika alikuwa Vifungo, na kwa kuwa chumba kilikuwa na ufunguo mmoja tu, na ufunguo wenyewe ulikaa mfukoni mwake, tuseme ukweli, alikuwa anajionya mwenyewe.

Jina la Vifungo alipewa na rafiki yake Kasuku, enzi zile wakiwa na nywele nyingi na akili chache, kwa sababu hakuweza kupita karibu na kitu chenye vifungo bila kukibonyeza. Mwenyewe alisema ni kifungo cha maisha na hakina rufaa. Kasuku naye alistahili jina lake. Sauti yoyote ikimwingia sikioni, lazima aitafute ndani ya kinanda kile, hata ikimchukua siku tatu za kuzungusha na kupunguza na kuongeza. Lango la mama yake lililokwaruza. Feni ya ukumbi wa harusi. Kwikwi ya binti yake alipokuwa mchanga. Vifungo akipiga kelele, "Hapo hapo, usiguse tena!", Kasuku alitikisa kichwa na kusema, "Bado." Na kabla ya kugusa noti ya kwanza, kila siku ya Mungu, alikizima kinanda, akahesabu tano kwa vidole, akakiwasha. Alidai ni lazima kipumue kwanza kama watu wengine.

Walikuwa na lebo yao ya muziki iitwayo Vidole Ishirini, kumi vya huyu na kumi vya yule. Lebo ni neno kubwa. Ilikuwa chumba chenye magodoro mabovu yaliyoegemezwa ukutani ili kelele zisitoke, kinanda, mashine ya ngoma, na meza ya kufungia santuri kwenye bahasha. Walitoa santuri mia tatu kwa albamu moja, za kwao na za vijana wachache waliopenda muziki huo wa vinanda ambao majirani waliuita wa maroboti. Hawakutajirika na hawakuacha. Ilikuwa miaka ishirini na sita, na sauti sitini na nne za Kasuku zote zilikuwa ndani ya kinanda kimoja.

Kisha Kasuku akapigwa na kiharusi akiwa mezani, kijiko mkononi. Mkono na mguu wa kulia vikalala, na maneno yote yakamtoka kasoro moja. Ukimuuliza kama amekula, "Bado." Kama amelala vizuri, "Bado." Siku mkewe alipomuuliza kama anamkumbuka, alijibu, "Bado," huku machozi yanamtiririka, na mke akatoka nje akasimama uani peke yake.

"Nashukuru halikubaki tusi, shemeji," mke huyo alimwambia Vifungo baadaye, wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliochoka.

Mwezi huohuo kinanda nacho kikaanza visa. Fundi wa redio alikuja, akakifungua kikiwa kinawaka, akachungulia, akafyonza meno. Ndani mna betri ndogo inayotunza sauti wakati kinanda kimezimwa, na betri hiyo ilikuwa imekufa.

"Ukizima leo, kesho unaamka na kinanda kitupu," alisema. "Kuibadilisha kikiwa kinawaka naweza kujaribu, ila mkono ukiteleza kidogo tu, naunguza kila kitu. Mimi sikuahidi, bwana. Huna nakala?"

Nakala ilikuwapo. Vinanda vya zamani huhifadhi sauti zao kwenye kaseti, na Kasuku aliitengeneza kabla tundu la kaseti halijaharibika, akamkabidhi Vifungo aitunze. Vifungo aliitunza mpaka Jumapili moja alipotafuta kaseti tupu, akaiona hiyo haina karatasi ya jina, akarekodi juu yake mpira wa redioni. Timu yake ilifungwa tatu. Miaka kumi na miwili aliibana siri hiyo, na sasa angemwambia nani? Mtu asiyeweza hata kumtukana? Alirudi chumbani, akashukuru kwamba tangu zamani kinanda kilichomekwa kwenye boksi la betri, lile linaloendelea kutoa umeme, huku likilia, umeme wa ukutani ukikatika, akabandika karatasi yake.

Siku ambazo boksi lililia, alipanda ngazi mbio akiwa na ndala mguu mmoja. Zaidi ya hapo hakuwa na la kufanya. Alikaa mbele ya kinanda, akakisikiliza kikinguruma taratibu, akashuka.

Ndipo shemeji, mke wa Kasuku, alipompigia simu. "Anaonyesha vidole tu mezani, hivi, hivi, kama anapiga. Mwalimu wa mazoezi amesema tumpe kitu anachokijua. Mlete huyo mke mwenzangu, hicho kinanda chenu, shemeji. Nakuomba."

Vifungo alijaribu kukwepa. Alipeleka simu yenye sauti alizozirekodi, akamsogezea rafiki yake sikioni. Kasuku alisikiliza kidogo, akaisukuma kwa mkono wa kushoto. "Bado." Akamtazama Vifungo usoni, na Vifungo akashindwa kuyakabili macho yale.

Basi wakakihamisha kikiwa kinawaka. Muuza magodoro alishika upande mmoja, Vifungo upande wa pili, boksi la betri likining'inia shingoni mwake kwa mkanda na kulia pii, pii, pii ngazi nzima. Dereva wa teksi aliuliza kama wamebeba mgonjwa. "Ndiyo," alisema Vifungo, "na usipite kwenye mashimo." Walifika taa ya kinanda ikiwa bado inawaka. Vifungo alichomeka waya ukutani kwa mikono iliyolowa jasho, akatamani kulia kwa furaha.

Kasuku alikuwa amekaa kitini, amenyolewa, amevalishwa shati la kupanda jukwaani. Alipokiona kinanda, nusu ya uso wake ilitabasamu. Vifungo akawaza: nimwambie shemeji asimruhusu kuzima? Ataniuliza kwa nini. Nitamwambia kesho. Akainama nyuma ya meza kutafuta tundu la waya wa spika.

Alichosikia ni tik.

Swichi ya kinanda kile iko nyuma, upande wa kushoto, upande wa mkono mzima. Vifungo aliinuka taratibu kwa sababu hapakuwa tena na haja ya haraka. Kasuku alikuwa ameinua mkono wa kushoto mbele ya uso wake na anafungua vidole, kimoja, cha pili, cha tatu, uso umejikunja kwa bidii, cha nne, cha tano. Akabonyeza. Kinanda kikawaka.

"Shemeji umemwona?" Mkewe alikuwa ameshika mashavu. "Amehesabu! Wiki ngapi wanamfundisha kule mazoezini hata mbili hafiki! Amehesabu mpaka tano, mume wangu!" Akambusu kipaji cha uso, akakimbia kuwaita majirani.

Kasuku alibonyeza namba arobaini na moja, kwikwi ya binti yake. Akaweka kidole kwenye noti. Ikatoka sauti bapa, kama honi ya lori linalorudi nyuma. Akabonyeza namba nyingine, honi ileile. Akajaribu ya tatu. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani, na alipoutazama, kama anayeutuma kwenye vile vidude vya kuzungusha, haukwenda.

Akamgeukia Vifungo. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri rafiki yake azungushe kitu kirudi sawa, kama yeye mwenyewe alivyozungusha miaka yote chumbani kwao.

Vifungo alisogea, akashika kidude cha kwanza. Hakujua kilitakiwa kukaa wapi, hakuwahi kujua. Akakizungusha kidogo.

"Bado," alisema Kasuku kwa upole.

Akazungusha kingine. Nje shemeji alikuwa anawasimulia majirani, sauti juu, na miguu yao ilianza kusikika mlangoni.

"Bado."

"Najua," alisema Vifungo, akaendelea kuzungusha.