Ndoo ya Wifi

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa na jambo lililoninyima raha. Kila kiangazi, jioni akimaliza kufua, alibeba ndoo ya maji akayamwaga taratibu kando ya ukuta wa chumba chake, kutoka pembe hadi pembe. Mtaro upo, yeye anamwaga ukutani! Nikimuuliza, anacheka: "Nainywesha nyumba, wifi."

Nyumba gani inakunywa maji? Nikaanza kumchunguza.

Tulikaa Magomeni, upande wa bondeni, kwenye udongo mweusi unaonata viatuni masika na kupasuka kiangazi. Nyumba aliiacha baba mkwe. Mbele, kwa wifi, ni ya zamani na msingi wake mfupi. Nyuma, kwetu, mzee aliongeza vyumba juu ya nguzo zilizochimbiwa chini sana, akitarajia kupandisha ghorofa. Ghorofa lenyewe halikuja. Pande hizo mbili zilipokutana palikuwa na ufa mwembamba, nami niliukagua kila asubuhi.

Kaka yao alitaka nyumba iuzwe, na alishasema ikianza kubomoka hatamsikiliza mtu. Basi nikajumlisha mwenyewe: wifi katumwa kulainisha msingi. Kama si hivyo, ni dawa. Mtu mzima anamwaga maji magharibi huku midomo inamcheza, mimi nifikirie nini jamani?

Mume wangu akaniambia niache maneno. Sikuacha. Jioni moja nilimkuta wifi na ndoo yake, nikamwita mchawi mbele ya majirani. Mwezi haukuisha, akahamia kwa mwanawe.

Kiangazi kilichofuata ufa ulipanuka hadi mkono wangu ukapita. Mlango wa mbele ukagoma kufunga. Vyumba vyetu havikutikisika, ila chumba cha wifi kilikuwa kinashuka na kujitenga navyo. Kaka mtu akaleta mnunuzi, wakasimama uani wakiitazama nyumba kama ng'ombe wa mnadani. Niliogopa kweli, sina pengine pa kwenda.

Nikampigia wifi.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba."

"Rudi nyumbani."

"Nije kuroga?"

Nikamweleza ufa ulivyopanuka. Ndipo akanieleza, kwa hasira, kwamba udongo ule ukikauka unasinyaa na upande wa mbele unashuka nao. Nguzo za nyuma zimefika kwenye udongo usiokauka, kwa hiyo zenyewe hazishuki, na hapo ndipo nyumba inapoachana. Ukiulowesha kidogo kidogo, haisogei. Baba yake alifanya hivyo miaka yote.

"Sasa si ungesema, wifi!"

"Ungeniamini?"

Nikamuuliza nifanye nini sasa.

"Ndoo iko nyuma ya choo," akasema, akakata simu.

Magharibi ile nilimwaga maji, pembe hadi pembe, huku naomba Mungu kimoyomoyo. Jirani alikuwa barazani kwake, ananitazama. Nilipomsalimia, aliingia ndani akafunga mlango.