Walipokuja Kumposa Bwana Wangu

Mimi nina wivu. Naliweka mbele neno hili ili mtu asiniulize baadaye. Wanawake wengine wanawaonea wivu wanawake wenzao. Mimi nimeionea wivu timu nzima ya basketi, na mpira wenyewe, na ile saruji iliyopasuka ya uwanja wa karibu na gare, stesheni ya reli, ambapo bwana wangu anamwaga jasho tangu kabla hajanioa. Nilipoingia katika ndoa nilikuta timu imeshakaa.

Jumapili ndiyo iliyokuwa inaniuma. Mimi niko kwenye kwaya kanisani, na wenzangu wa kwaya tukitoka ibadani kila mmoja ana bwana wa kurudi naye nyumbani taratibu, wakisalimia watu. Wangu ana mechi. Ninarudi peke yangu, na vijana wa pikipiki wananipigia kelele, "Mama, leo atatupatia bikapu ngapi?" Atawapatia ninyi! Na mimi je?

Msimu uliopita ulipoisha, mkataba wake na timu nao ukaisha. Nikasema, Bwana asifiwe. Kwa umri alikuwa amewapita wachezaji wote. Wa rika lake walishaacha zamani, wamekuwa washangiliaji wenye matumbo. Naye alikuwa ameniahidi kwa kinywa chake: "Mama, nikimaliza hii, dimanche iko yako." Jumapili yangu, hatimaye! Nikanunua kitenge, nikamshonea shati na mimi nikajishonea gauni la kitambaa hicho hicho, ili kanisa zima lituone.

Lakini timu ile ya mtaa wa reli ina desturi yake, sijui kama iko kwingine. Mchezaji kijana anatia sahihi mwenyewe, basi. Mchezaji mwenye ndoa, wakitaka kumweka miaka mingi, hana sauti. Washangiliaji wanakuja nyumbani kumposa kwa mke wake, kama vile watu wanavyoposa msichana. Wanaleta kuku, kitenge, na kreti ya sucré, yaani soda, maana kwetu Wamethodisti pombe haiingii. Mwanaume anakaa palepale, kimya. Mke akisema hapana, wanarudi na kuku wao, na hakuna anayemlaumu bwana. Akisema ndiyo, imekwisha, neno lake halirudi tumboni. Wazee wa reli waliweka hivyo kwa sababu zamani wake walikuwa wanakuja uwanjani kutukana katikati ya mechi. Ningekuwepo, ningetukana pamoja nao.

Wakaja Jumamosi alasiri, jua bado kali. Hapana yangu ilikuwa tayari. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi jikoni nikisonga bukari.

Akasimama mkuu wao, karani wa reli aliyestaafu, tunayemwita Papa Président. Akavua kofia, akaonyesha ua wa nyumba yetu kwa mkono. "Mama, tumeona jogoo mu lupango yako. Shiye bantu ba timu tunamupenda. Tuko tunamuomba, miaka ine."

Watu wakacheka. Miaka minne! Nikafungua mdomo, lakini kabla sijasema, wao wenyewe wakaanza kugombana.

"Miaka ine ya nini?" akasema mwalimu mmoja wa sekondari, mtu asiyekosa mechi. "Papa Président, ule muntu eko na mvi! Batoto ba juzi banamupita sawa vile jiwe ya kilometa ku njia. Tumupatie mwaka moja, kisha atoke na heshima yake."

"Mvi njo inatupa mpira?" akajibu Papa Président. " Siku tunashindwa, mpira unapelekwa kwa nani? Kwa bale batoto yako?"

"Anarudi kulinda akitembea!"

"Anatembea kwa sababu anajua fasi ya kwenda!"

Moyo wangu ukapoa. Nikamwombea mwalimu yule maisha marefu. Acha wachoke, nikajisemea, kisha nitawawekea hapana yangu juu ya hayo yote. Bwana wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anatazama vidole vyake vya miguu.

Ndipo akasema mama mmoja aliyekuja nao. Ni mwanamke wa rika langu, anabeba mfuko wa bandeji wa timu na kuwaangalia wachezaji wakiumia. Alisema polepole, bila kelele: "Na minyi nasema mwaka moja tu, ao basi kabisa. Ile goti, njo minyi nafungaka kila dimanche. Najua vile iko. Na yee mwenyewe ananiambiaka."

Ile goti! Alilitaja kama mtu anayetaja sufuria yake. Mama weee, moto ulinipanda kutoka kwenye nyayo. Kumbe Jumapili, mimi nikiwa nimetoka kumwimbia Mungu, kuna mikono ya mtu kwenye mguu wa bwana wangu. Na anamwambia! Anamwambia nini? Mimi nyumbani ananiambia chumvi imepungua.

Nikasimama. "Weye njo unajua goti ya bwana yangu? Weye? Minyi njo nalalaka nayo!"

Wakaangua kicheko, na kicheko kile kilikuwa kuni juu ya moto. Sikuona mtu tena. "Ile goti iko nzima! Kila asubuhi anabeba bidon mbili ya maji. Ananipeleka soko na kinga, anakanyaga pedali, minyi niko nyuma, na minyi siko mwepesi, munaniona! Mwaka moja ya nini? Ile goti iko na miaka ine, iko na tano! Weye na bandeji yako njo mutachoka mbele yake!"

Kisha Papa Président akapiga paja lake.

"Mama amesema! Miaka ine!"

Mwalimu akainua mikono miwili, akacheka. "Mwenye goti amesema. Minyi ni nani?" Vigelegele vikapanda. Mtu akanitia kuku mikononi, chupa za sucré zikafunguliwa, karatasi ikawekwa juu ya meza yangu. Mimi nilisimama na kuku, na hapana yangu sikuisema. Yule mama hakupiga kigelegele. Aliaga kwa mikono miwili, akatoka wa kwanza. Nikajisemea, umeshindwa. Haki ya Mungu nilifurahi, hata nikiwa nimepoteza Jumapili zangu zote.

Walipoondoka, bwana wangu aliinuka akishika ukuta. Mimi bado nilikuwa na vita.

"Ule mwanamke, unamuambiaka nini?"

"Namuambiaka goti inaniuma."

Nikaweka kuku chini.

"Minyi nilikuwa nangoja weye useme hapana," akasema. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali awe nayo. "Siwezi kubakatalia bale bantu. Banaimba jina yangu. Nilijua weye haupendi timu. Nikasema, bibi yangu atanitosha mu ile timu, nipumzike."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nitakuambia je? Nikisema nimeumia, unaniambia timu yako ikutunze."

Ni kweli, ningesema hivyo. Niliwahi kusema hivyo.

Nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikachukua kitambaa safi, nikamkalisha tena, nikapiga magoti mbele ya kiti chake. Nikapandisha suruali ya mguu wa kulia, nikaweka kitambaa cha moto juu ya goti lile nililolitetea mbele ya watu wote. Akaniacha nikande kidogo, nadhani ili asinitie haya. Kisha akaushika mkono wangu polepole, akauhamishia kwenye goti la kushoto.